Muulize Fundi: Sinki la saluni limeshuka na kipande cha ukuta

Tangu niongelee patisheni za jipsam meseji zinaingia tu, na karibu zote ni kilio kimoja, kitu kilifungwa ukutani kikakaa siku mbili tatu kikaanguka. Nimechagua chache, nyingine zinafanana mno kwa hiyo kama swali lako hulioni soma majibu ya wenzako, yamo humo humo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nina saluni ya kike hapa Sinza, fremu niliyopanga niliigawa kwa patisheni ya jipsam, mbele wanasukwa nyuma wanaoshwa nywele. Fundi bomba akanifungia sinki la kuoshea kwenye ile patisheni kwa skrubu 4 na fisha, zile za plastiki zinazotangulia skrubu tunduni, likakaa vizuri kama miezi 5 hivi, juzi mteja kalala tu kuoshwa sinki likashuka na kipande cha ukuta, bomba likakatika pale kwenye elbo, ile kona ya bomba, maji yakaruka mpaka kwenye madraya. Mteja hakuumia namshukuru Mungu. Sasa fundi anasema turudishie fisha kubwa zaidi. Itashika kweli? *Mwenye saluni, Sinza*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana, hapo ungeweza kupoteza vitu vingi kuliko sinki. Jibu ni hapana, haitashika, na naomba usimruhusu hata kama anakufanyia bure.

Sikia kwa nini. Bodi ya jipsam ni unga wa jiwe uliogandishwa katikati ya karatasi mbili, jiwe lenyewe ndo lile wanachimba Makanya kule Same na Itigi, na nguvu ya bodi kwa sehemu kubwa iko kwenye zile karatasi. Unene wake mara nyingi ni milimita 12 au 12 na nusu, zile za dari hata 9. Fisha ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya zege na tofali, skrubu ikiingia inavimba inabana pande zote za tundu, sasa kwenye jipsam inabana nini? Ina milimita 12 za unga halafu nyuma yake ni hewa tupu. Ukiweka fisha nene zaidi umechimba tundu kubwa zaidi, basi, unga umepungua na hewa imebaki pale pale.

Halafu angalia na mzigo wenyewe unavyovuta. Watu wanahesabu kilo za sinki peke yake, labda kilo 12, wanasema mbona sio nyingi. Lakini mteja anaegemea ukingo wa mbele, sentimita 40 kutoka ukutani. Chukulia kaegemea kwa uzito wa kilo 30 tu, na skrubu za juu ziko sentimita 20 juu ya pale sinki linapogusa ukuta kwa chini: 30 mara 40 gawa kwa 20, zile skrubu za juu zinavutwa kuja nje kwa nguvu kama ya kilo 60. Na sio mara moja, ni kila mteja, kutwa, miezi 5. Tundu linasagika kidogo kidogo, unga unamwagika ndani ya ukuta ambako hauoni, mpaka siku ya siku.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni mbao nyuma ya bodi. Funga koki kuu, zima na umeme wa chumba kile kwenye meni swichi maana hujui waya zimepita wapi na maji yamesharuka. Fundi akate bodi kipande cha mraba, asikate tu pale palipotoboka, akate kuanzia katikati ya nguzo moja ya ndani mpaka katikati ya nguzo ya pili ili kipande kipya kipate pa kushikia. Zile nguzo, stadi, kwa kawaida zinapishana sentimita 40 au 60. Hapo katikati alaze mbao ya 2 kwa 4 mbili, moja usawa wa skrubu za juu na moja usawa wa chini, au kipande cha marini plai, ile plaiwudi ya kuvumilia maji, cha milimita 18 kinachojaza nafasi yote, kifungwe kwenye stadi kulia na kushoto kwa skrubu, sio misumari. Kama stadi zako ni za bati basi mbao iingie ndani kwenye ule mfereji wa stadi ndo ifungwe. Hapo ndo bodi mpya inarudi, tepu, fila, msasa, rangi. Kwa kuwa ni sehemu ya maji nunua ile bodi ya kijani, inavumilia unyevu, japo nayo isipigwe maji kila siku bila vigae au rangi ya mafuta juu yake.

Na kuna kitu fundi wako alikosea ambacho kinaniuma zaidi ya hizo fisha. Bomba lilikatika kwenye elbo kwa sababu elbo haikushikwa na chochote, ilikuwa inaning'inia ndani ya ukuta inashikwa na sinki lenyewe. Zipo elbo zenye masikio yenye matundu ya skrubu, mwambie atumie hizo, zifungwe kwenye mbao ile ile, sinki lishike mbao na bomba lishike mbao, kila kimoja kivyake. Kabla hajafunga bodi mfungulie maji yakae na presha hata usiku mzima, mpitishie tishu kila jointi, ikitoka kavu ndo afunge. Ukipata na stendi ya chuma ya kubeba sinki kutoka sakafuni iweke pia, kwenye saluni mi siwezi kukushauri uitegemee mbao peke yake kwa sababu huyo anayelala pale ni shingo ya mtu.

SWALI: Asalaam aleikum fundi, nakuandikia kutoka Mombasa. Hita yangu iko ukuta wa mawe, kutoka hapo bomba la PPR, lile la plastiki, la maji moto latambaa juu ya ukuta wa jipsam mita 3 hivi mpaka bafuni. Klipu zang'oka moja moja, na kila tukifungua maji moto twasikia ta ta ta ukutani kama mtu agonga. Skrubu zenyewe zimeshika kutu na hata mwaka haujesha. Nimebadilisha klipu mara mbili. *Baba wa nyumba, Nyali*

JIBU: Waaleikum salaam. Ndugu yangu, klipu zako hazina kosa, zinasukumwa na bomba. PPR ya kawaida ikipata joto inarefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila digrii moja, inaonekana kitu kidogo, ebu piga hesabu ya kwako: mita 3, maji yametoka digrii 28 yakafika 68, yaani 40 za kupanda, hapo bomba limeongezeka milimita 18. Karibu sentimita 2! Linataka kwenda mahali na wewe umelibana kila upande kwa klipu zilizoshika unga, kwa hiyo linang'oa ile dhaifu kwanza halafu inayofuata. Na huo mlio wa ta ta ta ndo bomba likiteleza kwa kushtuka ndani ya klipu zilizobana.

Dawa yake ni kuliacha lisogee. Bana sehemu moja tu kwa nguvu, pale katikati ya hizo mita 3, klipu zingine zote ziwe za kushikilia tu, bomba liteleze ndani yake. Kule mwisho kwenye kona usiligandishe na ukuta, acha nafasi ya vidole viwili, na lile bomba linalokata kona lisibanwe karibu na elbo, acha kama sentimita 30 hivi ndo uweke klipu ya kwanza ili lipinde kidogo likisukumwa. Ukiwa na pesa ya kubadilisha bomba lote chukua ile PPR yenye tabaka la aluminiamu au nyuzi ndani yake, inarefuka kidogo sana kulinganisha na hiyo, na kwa maji moto mi siku hizi sifungi nyingine.

Sasa pa kushikia. PPR ya milimita 20 ya maji moto inataka klipu kila sentimita 50 mpaka 60 la sivyo inalegea tumbo, na stadi zako haziwezi kuwa kila unapotaka klipu. Usihangaike na fisha. Chukua ubao mwembamba wa kupigwa randa, inchi 1 kwa 3, upake rangi ya ukuta, ulaze mita zote 3 juu ya bodi na uufunge kwenye kila stadi unayopita, kisha klipu zote zifunge kwenye ubao. Ukubali usiukubali unapendeza kuliko klipu zilizotapakaa na madoa ya fila.

Kutu ni bahari hiyo, hewa ya chumvi haiachi skrubu nyeusi za jipsam hata kidogo, tafuta za chuma kisichoshika kutu. Ghali, ndio, lakini umeshanunua klipu mara mbili. Na kama mlio unasikika hata kwenye maji baridi, tena unakuja pale mtu akifunga mfereji kwa ghafla, hilo ni jambo jingine, ni maji yaliyokuwa yanakimbia yamegonga koki iliyofungwa ghafla, funga polepole na punguza presha kwenye valvu kuu kwanza uone.

SWALI: Fundi mambo, mi ni fundi kijana Mwanza naanza kujitegemea. Kuna fisha za jipsam aina nyingi dukani, muuzaji mwenyewe hajui tofauti. Nitumie ipi? Na nikikuta stadi sipati nafanyaje? *Fundi chipukizi*

JIBU: Poa kabisa mdogo wangu, na nimefurahi umeuliza kabla ya kutoboa.

Anza na stadi siku zote, fisha ni mlango wa pili. Kugonga kwa kidole kunasaidia lakini masikio yanadanganya, mi natumia sumaku, ile ndogo ya spika mbovu, funga kwa uzi uitembeze ukutani taratibu, itanasa kwenye kichwa cha skrubu iliyoshika bodi na hapo ndo pana stadi. Ukipata moja pima 40, kama hakuna pima 60. Usiku ukizima taa ukamulika tochi kwa ubavu wa ukuta unaziona hata alama za fila zimejipanga mstari mmoja. Stadi ya bati ni nyembamba kweli, skrubu ya mbao inazunguka tu humo, tumia zile za bati zenye ncha ya kujitobolea.

Ukikosa stadi kabisa ndo tunakuja kwa fisha. Ya plastiki au zinki yenye uzi mnene kama parafujo, inayojichimbia yenyewe, hiyo ni ya vitu vyepesi, picha, klipu ya bomba la maji baridi, kishikio cha taulo la mkono. Usiitie kwa drili ya nguvu, malizia kwa bisibisi ya mkono, ikizunguka mara moja zaidi tundu limekufa. Ya pili ni ya chuma yenye miguu, ukikaza inajikunja nyuma ya bodi inakuwa kama ua, hii naipenda kwa sababu inagawa mzigo kwenye karatasi ya nyuma, na skrubu unaweza kuitoa ukairudisha, ila ununue saizi inayolingana na unene wa bodi yako, ukinunua ya bodi ya 9 ukaiweka kwenye bodi mbili zilizobebana haitajikunja. Ya tatu ni ile yenye mabawa na springi, unaikunja inapita tundu, kule ndani inafunguka. Inashika kuliko zote lakini inataka tundu kubwa, na ukiitoa skrubu mabawa yanadondokea ndani ya ukuta, kwa hiyo ipitishe kwanza kwenye kifaa chako ndo uiingize ukutani, nimeona mafundi wanaanza upya kwa kusahau hilo.

Kilo zilizoandikwa kwenye pakiti usizichukue kama zilivyo, soma ni za bodi ya unene gani, halafu mi nagawanya kwa nne. Pakiti inasema 20 nahesabu 5. Na drili ondoa hama, yaani kule kugonga, kabisa, weka kuzungusha tu, hama inapasua karatasi ya nyuma ambayo ndo ulikuwa unaitegemea.

Kitu kimoja nje ya swali: hili jina fisha limetokana na Fischer, Artur Fischer wa Ujerumani aliyetengeneza ile ya nailoni mwaka 1958, na wenzetu wa Kenya wanaosema rolplagi wameshika jina la Mwingereza Rawlings aliyekuja na yake 1911. Wote wawili waliitengeneza ikabane kitu kigumu. Ukilikumbuka hilo hutaitia tena kwenye jipsam.

SWALI: Fundi, hita ya lita 50 inaweza kukaa kwenye patisheni ya jipsam kama nikiweka bolti ndefu zinazotokea upande wa pili? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Hapana. Maji lita 50 ni kilo 50, tangi lenyewe kilo 15 na ushee, na bolti zikitokea upande wa pili umetoboa bodi mbili badala ya moja lakini ni bodi zile zile. Kitu hicho kina umeme na maji moto juu ya kichwa cha mtu anayeoga. Ipeleke ukuta wa tofali hata kama bomba litarefuka, kama hakuna ukuta wa tofali tengeneza fremu ya chuma inayosimama sakafuni.

SWALI: Habari fundi, naishi Leicester Uingereza, nyumba ya kupanga. Rejeta moja, ile paneli ya maji moto ya kupashia chumba joto, ya chumba cha watoto imelegea ukutani na mabomba ya kopa yanacheza. Nikigonga ukuta sehemu nyingine unalia mtupu sehemu nyingine mgumu, sielewi ni jipsam au tofali. *Mama wawili, Leicester*

JIBU: Nzuri dada yangu. Kabla ya yote mjulishe mwenye nyumba kwa maandishi, rejeta ya paneli mbili ya mita 1 ikiwa na maji inavuka kilo 30 na kuna watoto humo, hiyo ni kazi yake kuitengeneza. Wasogeze watoto vitanda mbali nayo leo.

Ila nikueleze unachokiona ili fundi atakayekuja usimwache afanye anavyotaka. Huo ukuta kuna uwezekano mkubwa ni tofali kweli, na bodi ya jipsam imebandikwa juu yake kwa madonge ya gundi ya unga, pale penye donge panalia pagumu, katikati ya madonge kuna upenyo. Fundi akitoboa tundu dogo atahisi milimita 12 za laini, halafu drili inadumbukia sentimita moja mbili, halafu inakutana na kigumu na vumbi linabadilika rangi. Hapo hahitaji fisha za jipsam, anahitaji zile ndefu zinazopita bodi na upenyo zikaingie kwenye tofali lenyewe angalau sentimita 5. Akitumia skrubu fupi zinashika bodi tu, na ndo nadhani kilichotokea kwenu. Akikaza sana bila kitu kigumu cha kuziba ule upenyo bodi inapinda kwenda ndani na rejeta inalegea tena, kwa hiyo muulize atatumia nini hapo.

Mabomba ya kopa ya milimita 15 klipu zisizidi mita 1.2 kwa yaliyolala na 1.8 kwa yanayosimama, na yasiachiwe kazi ya kubeba rejeta, yanapocheza hivyo jointi inachoka na siku moja utaamkia maji sakafuni.

SWALI: Shikamoo. Tunajenga Tabata, vyumba vya ndani tumegawa kwa jipsam, stadi zimesimama ila bodi bado. Fundi anasema anafunga Jumamosi. Kuna kitu nimwambie? *Mama mjenzi*

JIBU: Marahaba mama yangu, hii ndo barua niliyokuwa naiomba! Mwambie asifunge Jumamosi mpaka mpite wote wawili chumba kwa chumba na chaki. Simameni pale sinki la kunawia litakapokuwa, ukingo wake unakuja kama sentimita 85 kutoka sakafuni, piga chaki, hapo mbao. Bomba la mvua bafuni kwenye koki ya kuchanganyia, kama mita 1 na sentimita 10, mbao. Makabati ya juu ya jikoni, hayo usiweke mbao moja, weka mstari mzima wa plai juu na chini kwa sababu sahani za udongo ni nzito kuliko unavyofikiri. Tivii, fimbo za mapazia pande zote mbili za kila dirisha, na kama mnaishi na bibi au babu weka mbao ubavuni mwa choo na pale anapooga, leo huna kishikio lakini mwaka kesho utakitaka, na mtu mzima akishika kishikio anakishika kwa mwili wake wote.

Mabomba yakishapita kwenye stadi yafungwe yasiguse bati, tundu la stadi ya bati ni kali kama wembe, livishwe mpira. Jointi za uzi zisifungiwe ndani, kama haiepukiki acheni kijidirisha cha kufungua. Kisha maji yafunguliwe usiku kucha kama nilivyomwambia yule wa Sinza.

Halafu chukua simu, kila ukuta piga picha mbili, na futi ya kupimia iwe imefunguliwa imesimama kutoka sakafuni na nyingine imelala kutoka konani ili namba zisomeke kwenye picha. Zitumie kwa mumeo, kwa watoto, zikae simu zaidi ya moja. Gharama ya mbao zote hizo ni vipande mnavyobakiza kwenye paa. Ukiona fundi anasita nitumie ramani ya bafu na jiko na urefu wa kila ukuta, nitakuchorea pa kuweka kila ubao kabla ya Ijumaa.